Kisanduku cha Juu ya Ukurasa

Muhula wa kwanza chuoni Homa Bay nusura umtoe Nyakerario roho. Si damu wala maiti iliyomtisha, wala zamu za wadi. Hayo aliyazoea upesi kuliko wavulana waliokuja wakijitapa. Kilichomshinda ni majarida. Chuo chao cha matabibu kilikuwa na kabati moja la majarida ya utafiti, msaada wa hospitali fulani ya ng'ambo iliyokwisha kuyasoma na kuyachoka. Daktari Oluga, mhadhiri wao wa magonjwa ya watoto, alikuwa na mazoea ya kumgawia kila mwanafunzi makala moja aende akaisome, kisha asimame kwenye semina awaeleze wenzake imesema nini.

Nyakerario alisoma jinsi alivyosoma tangu shule ya msingi, yaani tangu neno la kwanza hadi la mwisho, kamusi pembeni, penseli mkononi. Neno gumu lilitafutwa na maana yake ikaandikwa juu yake kwa herufi ndogo kama mchanga. Akifika chini ya ukurasa amekwisha kusahau kilichokuwa juu. Siku ya semina yake ya kwanza alisimama na karatasi zilizojaa penseli, na Daktari Oluga akamwuliza swali jepesi kuliko yote duniani.

"Hawa watu walitaka kujua nini?"

Nyakerario alikodoa macho. Alijua maana ya kila neno na hakujua makala ilihusu nini. Darasa likaangua kicheko. Helen, mwenzake wa bweni, peke yake ndiye hakucheka.

"Nyar Kisii," Daktari Oluga alisema, maana binti yeyote wa Kisii kwake alikuwa na jina hilo, "wewe unasoma jarida kama mtu anapalilia shamba, mstari kwa mstari, hata penye hakuna magugu. Kuja ofisini."

Tumtendee haki Daktari Oluga: alimfundisha, na alimfundisha vizuri. Alimwekea makala mezani akaionyesha kwa kalamu. "Hii sehemu ya juu, iko ndani ya kisanduku, ni muhtasari. Anza hapo. Halafu ruka, enda kwa hitimisho. Angalia majedwali. Sasa ujiulize, hii kitu inanisaidia ama hainisaidii? Kama haikusaidii, weka chini, chukua ingine. Kama inakusaidia, rudi nyuma usome walifanya nini, wapi, na watu gani, na wao wenyewe wanaogopa nini juu ya kazi yao. Hapo ndio kusoma kunaanza. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Daktari."

Alielewa. Ila katika yote aliyoyasikia mle ofisini, moyo wake ulirukia kisanduku na kukikumbatia kama ndugu aliyepotea, na sababu yake ni hii. Nyakerario alikuwa Msabato, mtoto wa Wasabato, Wakisii waliohamia Migori kuuza ndizi na maharagwe. Katika kijitabu cha lesoni ya Shule ya Sabato, kila somo la juma lina fungu lake la kukariri, limewekwa juu kabisa, peke yake. Kanisani kwao Migori, aliyesimama Sabato asubuhi akalitoa fungu bila kukwama alihesabiwa kuwa amesoma lesoni. Wapo waliokuwa hawafungui kijitabu Jumapili hadi Ijumaa, wakalimeza fungu wakiwa njiani kwenda kanisani, wakang'ara kuliko waliokesha. Kila mtu aliwajua na hakuna aliyewasema, kwa kuwa nusu ya kanisa ilikuwa hivyo hivyo. Na katika kung'ara huko hakuna aliyemfikia Nyakerario.

Sasa hapa, kwenye majarida ya wazungu, fungu la kukariri lilikuwa limemngojea miaka yote!

Tangu hapo mambo yakamnyookea. Alikariri kisanduku, akachungulia mistari michache ya hitimisho, akasimama kwenye semina akatiririka. Waliomcheka wakaanza kumtafuta awasaidie. Daktari Oluga alitikisa kichwa kwa furaha akasema, "Mnaona? Huyu sasa anajua kusoma," na hakumwuliza zaidi, kwa sababu darasa lilikuwa kubwa na wadi ilikuwa inamngoja. Nyakerario akatembea kifua mbele. Ukimwona siku hizo ungedhani kabati lile ni la babake.

Mambo yalikuwa hivyo aliposhuka Migori likizo fupi kumwona dada yake Bosibori.

Bosibori alikuwa mkubwa wake, na ndiye aliyekuwa ameshika genge la wazazi la ndizi na maharagwe sokoni baada ya wao kurudi nyumbani uzeeni. Alikaa chumba cha nyuma ya duka la Ruqia, mama mfanyabiashara Mwislamu aliyeuza kila kitu kuanzia mafuta ya taa hadi maziwa ya kopo. Mume wa Bosibori, aliyekuwa akifuata mahindi mpakani Isebania kwa lori, alikuwa amekufa mwaka uliopita baada ya kukonda na kukohoa kwa muda mrefu. Bosibori aliachwa na mimba. Hospitalini walimpima damu, na majibu akapewa kwenye korido, amesimama, watu wakipita. Ilikuwa miaka ya tisini, na dawa ya kumpa haikuwapo. Walimwambia tu ale vizuri.

Mtoto alizaliwa mnene, akaitwa Motari. Nyakerario alipofika alimkuta ana miezi miwili, amening'inia kwenye ziwa la mama yake, ananyonya kwa kelele kama mtu mwenye haraka ya kwenda mahali.

Bosibori alifunga mlango. Siri yake aliijua Nyakerario peke yake.

"Nataka kukuuliza kitu," alisema. "Huyu akinyonya hivi, ninampa chakula ama ninampa ule ugonjwa? Niambie ukweli."

"Sijui, Dada."

"Basi wewe ndio msomi wetu. Niangalizie kwa hizo vitabu zenu. Mimi nimeshakubali yangu. Lakini huyu… huyu nikimuua mimi mwenyewe, na maziwa yangu, sitaweza." Motari aliachia ziwa akapiga chafya, akarudi kazini.

Nyakerario alirudi Homa Bay na jambo moja kichwani. Alipekua kabati lile jarida kwa jarida hadi vumbi likampa mafua, na siku ya tatu akaipata. Kichwa cha makala kilitaja mama wenye virusi, maziwa yao na watoto wao. Hakungoja kuvuta kiti. Akasoma kisanduku akiwa amesimama. Kilisema watafiti waliwafuata mama wenye virusi. Kwamba watoto walionyonya waliambukizwa zaidi kuliko waliopewa maziwa ya kopo. Kwamba mama mwenye virusi ashauriwe asinyonyeshe. Akaruka hadi mwisho. Sentensi ya kwanza ya hitimisho ilisema hivyo hivyo.

Alilia kwa shukrani, palepale mbele ya kabati.

"Umesoma yote?" Helen alimwuliza jioni ile, alipomwona akinong'ona peke yake kitandani.

"Nimepata yenye nilikuwa natafuta."

Angeweza kumwonyesha Daktari Oluga. Lakini siri haikuwa yake, na mdomo wa chuo ni mpana. Ungeuliza habari ya mama mwenye virusi leo, kesho mtu angekuuliza mama huyo ni nani kwenu. Basi alinyamaza, akakariri. Hakukosa hata kiunganishi.

Sabato iliyofuata, baada ya ibada, alikaa na Bosibori kwenye kile chumba akalitoa fungu lake, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa lugha ya nyumbani, sentensi moja moja. Bosibori alisikiliza kwa macho yaliyofumbwa, kama anavyosikiliza kanisani.

"Rudia," alisema.

Akarudia.

"Ni wazungu wameandika?"

"Madaktari wakubwa. Walifuata watoto wengi, Dada, si mmoja."

"Rudia tena ile ya mwisho."

Akairudia ile ya mwisho, kwamba mama asinyonyeshe, na Bosibori akaisema pamoja naye hadi ikamkaa. Halafu akainuka akaenda dukani kwa Ruqia, akarudi na kopo la maziwa na chupa. Nyakerario alimfundisha kuchemsha maji, kuchemsha chupa, kupima unga wa maziwa kwa kijiko chake. Alifundisha vizuri sana. Mambo ya kuchemsha alikuwa amepata alama za juu.

Usiniulize jinsi wiki ile ilivyokuwa. Bosibori alijifunga leso kifuani, akaikaza, na bado maziwa yakapenya yakalowesha blauzi kila Motari alipolia. Na Motari alilia. Aligeuza uso kutoka kwenye chupa, akapiga pua yake kifuani mwa mama kutafuta mlango aliouzoea, akaukuta umefungwa. Bosibori alimshika mbali na mwili wake kama mtu anayeshika moto, akilia naye. Sokoni wanawake walisema lao. Ruqia naye aliuliza mara moja, kwa heshima, "Mama Motari, maziwa yako yanamwagika hivi na mtoto anapewa kopo?" Bosibori akajibu, "Ndivyo daktari amesema, Mama Asmaa." Ruqia hakuuliza tena.

Mwishowe maziwa yakakauka. Motari akaizoea chupa, akanenepa tena. Kila Nyakerario alipokuja Migori alimpakata, akamtazama mikunjo ya mapaja, akasema moyoni, huyu nimemwokoa mimi. Alilisema jambo hilo kwa kiburi, na kiburi hicho tusimnyime, maana hakukifaidi kwa muda mrefu.

Mvua za masika zilikuja na nguvu. Mto ukajaa, ukawa mwekundu kama chai ya kuchacha, na mabomba ya mjini yakanyamaza kama yanavyonyamaza kila mvua ikizidi. Maji yakawa yale ya mitungi ya punda, yaliyotekwa mtoni. Makaa yalilowa. Bosibori alichemsha maji alfajiri kabla ya kwenda sokoni, akachanganya chupa za kutwa nzima, akazifunga kwenye kitambaa na kuziweka chini ya meza ya genge, kwenye kivuli. Mchana chupa zilikuwa na uvuguvugu. Alifikiri uvuguvugu ni mzuri kwa mtoto.

Motari akaanza kuhara.

Ujumbe ulifika chuoni kupitia kwa dereva, ukaachwa langoni, ukakaa langoni siku nzima. Nyakerario alipofika hospitalini Migori alimkuta Bosibori kwenye benchi la wadi ya watoto na kitu kidogo mapajani. Macho ya Motari yalikuwa yamezama. Utosi umebonyea. Nyakerario alimfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, kama alivyofundishwa, na ngozi ikabaki imesimama, haikurudi. Aliijua dalili ile. Alikuwa ameitaja kwenye mtihani, ikawekewa tiki kubwa ya kalamu nyekundu.

Muuguzi alitafuta mshipa kichwani, akaukosa, akautafuta tena. Walimpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, na kila kijiko kikatoka. Bosibori hakupiga kelele. Alikuwa akinong'ona, na Nyakerario alidhani ni sala hadi alipoinama karibu akasikia. Dada yake alikuwa akirudia maneno ya kisanduku, kwa Kiingereza kilichovunjika, kama mtu anayemkumbusha Mungu makubaliano.

Motari alikufa kabla ya saa sita mchana.

Walimzika nyumbani kwa baba yake. Mtoto mdogo haombolezwi sana. Watu walikuja, wakakaa kidogo, wakaenda kupalilia.

Nyakerario alirudi Homa Bay akiwa hana mbele wala nyuma. Hakula. Helen alimfulia nguo, akamwitikia jina darasani. Kitu kimoja tu kilimpa pumzi: kwamba kama Motari angenyonya, ugonjwa ungemchukua tu, taratibu na kwa mateso zaidi. Alitaka kulisoma hilo kwa macho yake. Basi akaenda kabatini akaitoa makala ile, akaketi dirishani pale panapoonekana mlima Asego, akaanza kuisoma jinsi alivyosoma zamani, tangu neno la kwanza. Safari hii hakutaka kuruka hata nukta.

Ukurasa wa pili ulieleza mahali. Ulikuwa mji wa nchi ya baridi. Kila nyumba iliyoshiriki ilikuwa na bomba la maji safi na jokofu. Maziwa ya kopo yalitolewa bure, na muuguzi aliwapitia mama nyumbani.

Ukurasa wa tano ulikuwa na jedwali. Alilitazama kwa muda. Watoto walionyonya na kuambukizwa walikuwepo, ndiyo, tena wengi kuliko wa kopo. Lakini safu ya pembeni yake, ya walionyonya na kubaki salama, ilikuwa ndefu zaidi. Wengi wao walibaki salama. Walinyonya ziwa la mama mwenye virusi wakabaki salama.

Na ukurasa wa saba, katikati ya majadiliano, ulikuwa na aya fupi. Watafiti waliandika kwamba matokeo yao yasitumiwe mahali ambapo maji si salama. Huko, walisema, mtoto asiyenyonya ana hatari kubwa ya kufa kwa kuhara, na hatari hiyo yaweza kupita ile ya virusi. Huko maziwa ya mama bado ndiyo kinga yake. Kamusi ilikuwa kando yake na hakuigusa. Aya ile haikuwa na neno hata moja gumu.

Aliichukua makala akaenda nayo kwa Daktari Oluga, akamweleza yote, siri na yote, kwa kuwa sasa hakukuwa na cha kuficha. Daktari Oluga alivua miwani. Alifuta kioo kimoja tena na tena hadi Nyakerario akaanza kumwonea huruma.

"Mbona hukuniuliza, nyathina, mwanangu?"

"Ilikuwa siri ya mtu, Daktari."

"Ungeniuliza bila jina." Akafungua mdomo kusema lingine, labda kwamba alimwambia arudi nyuma asome, wapi na watu gani. Alilimeza. "Wanafunzi wote wanafanya hivyo," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejihesabu naye humo. Kisha akamwambia aende apumzike, kana kwamba kuna kupumzika.

Alichofanya Nyakerario ni kwenda Migori. Hakujua atasema nini. Njia nzima alijiambia kuwa ni lazima aseme, na njia nzima alijiambia kuwa kusema ni kumzika mtoto mara ya pili.

Alimkuta Bosibori nyuma ya duka la Ruqia, ameketi kwenye kigoda na ungo wa maharagwe mapajani. Alikuwa amekonda. Alifurahi kumwona mdogo wake, akamsogezea kigoda kingine, akampa chai kabla ya kumpa neno.

"Nimefurahi umekuja," alisema. "Nilikuwa na kitu ya kukuambia. Kule matangani sikupata nafasi."

"Dada, na mimi nina—"

"Ngoja kwanza. Nataka kukushukuru." Vidole vyake havikuacha maharagwe. "Watu wanasema mtoto alirogwa, wengine wanasema ni ile ya baba yake. Mimi najua hapana. Kuhara ni kuhara, inachukua mtoto wa mtu yeyote. Lakini hakuchukua ugonjwa yangu. Alienda msafi. Mimi sikumuua. Hiyo tu ndio inanifanya niamke asubuhi, Nyakerario. Na ni wewe ulinipatia."

Nyakerario alishika kikombe kwa mikono miwili. Ingekuwa rahisi kunywa chai, kulia kidogo, kukubali shukrani na kuondoka. Mimi ningemshauri hivyo, na huenda wewe pia. Lakini alikuwa amelelewa na Bosibori; Bosibori ndiye aliyemfundisha kuongea, na kumdanganya usoni hakujua jinsi kunavyofanywa.

Akamwambia. Hakukariri chochote. Alimweleza kwa lugha ya nyumbani habari za mji wa baridi, bomba na jokofu, habari za safu ndefu ya watoto waliobaki salama, na ile aya ya ukurasa wa saba. Aliposema kwamba maziwa yake ndiyo yalikuwa kinga, Bosibori alipeleka mkono kifuani, akaubonyeza pale, pakavu, akauacha hapo.

Ruqia alikuwa akizungumza na mteja mbele ya duka. Sauti yao ilisikika, wakibishana juu ya sabuni.

"Kwa hivyo ilikuwa imeandikwa," Bosibori alisema.

"Ilikuwa imeandikwa."

"Kwa hiyo karatasi moja. Yenye ulikuja nayo."

"Hiyo hiyo."

Nyakerario alingoja apigwe. Aliutaka mkono wa dada yake usoni kuliko kitu chochote duniani. Bosibori alikuwa ameinamisha kichwa, anafikiri, kama mtu anayetaka kuelewa kazi asiyoifahamu. Alipouliza, hakuuliza kwa hasira. Alitaka tu kujua.

"Na kuisoma yote, hadi mwisho, inachukua muda gani?"

Nyakerario akamwambia ukweli. Ilikuwa imemchukua asubuhi moja.

Bosibori aliitikia kwa kichwa. Akauvuta ungo karibu, akaendelea kuchambua maharagwe, na hakumtazama tena.